Shajara ya Jivu: kumlea lacha awe mbwa wa kazi, Northumberland

AGOSTI

Jivu kafika. Jike, wiki 8 na siku kadhaa, rangi ya majivu kuanzia puani hadi mkiani ndo maana akapata jina hilo, miguu mirefu isiyolingana na mwili na nywele ngumu ngumu kidevuni. Mama yake nusu teria wa Bedlington nusu wipeti, baba yake grehaundi. Kwa ambao hamjawahi kumsikia lacha, siyo aina ya mbwa yenye cheti, Kennel Club ya Uingereza haimsajili kama aina yake mwenyewe, ni chotara wa makusudi, yaani watu wanachukua mbwa wa mbio anayewinda kwa macho kama grehaundi, wipeti au saluki wanampandisha na mbwa wa kazi mwenye ngozi ngumu na kichwa chepesi, teria (mbwa mdogo wa kuingia mashimoni) au koli (mbwa wa kuchunga kondoo), wapate mbwa mwenye kasi ila anayesikiliza na anayejua kutumia pua. Mlioko Oman na Dubai saluki mnawajua vizuri, huku wanawatia kwenye lacha wa maeneo ya tambarare yanayohitaji pumzi ndefu. Sisi tuko bonde la mto Coquet, kaskazini mwa Uingereza karibu na mpaka wa Scotland, vilima na kuta za mawe, na Bedlington ndo mwenyeji wa huku, zamani walikuwa wanaitwa teria wa Rothbury na Rothbury ndo mji tunaoshuka kununua mahitaji.

Mimi mtu wa Mbulu, Tanzania, nina miaka kadhaa huku kwenye shamba la kondoo. Juu mlimani kuna kondoo wa aina ya Cheviot na Blackface, chini kuna majani mazuri na shayiri kidogo, na huko chini ndo kuna sungura. Hawa sungura wa mashimo wanakula majani mpaka udongo unaonekana, mistari ya kwanza ya shayiri pembeni ya shamba haioti kabisa, na wanachimba chini ya kuta za mawe mpaka ukuta unalala. Ng'ombe akikanyaga shimo mguu umekwenda. Sheria ya wadudu na wanyama waharibifu ya 1954 inamtaka mwenye shamba awadhibiti kwenye ardhi yake, kwa hiyo siyo jambo la ukipenda. Bosi alikuwa anaita watu wenye bunduki, wakija mara moja sungura wanapungua, baada ya muda wamejaa tena. Tumekubaliana nilee mbwa, chakula na matibabu juu yake, malezi juu yangu.

Lengo ni hili: baridi ya mwaka kesho Jivu awe anafanya kazi na fereti (mnyama mdogo anayetiwa shimoni kuwafukuza sungura) kwenye mashimo, anachukua sungura na kuniletea mkononi akiwa mzima, na anapita katikati ya kondoo mia mbili bila kugeuza shingo. Hilo la mwisho ndo nitaliandika sana, kukimbiza hakuna anayemfundisha lacha, kazaliwa nako.

Chipu ya utambulisho alishawekwa kule alikozaliwa, Uingereza ni lazima tangu Aprili 2016 na iwe kabla hajafikisha wiki 8. Chanjo ya kwanza tayari, ya pili bado, kwa hiyo hatembei chini nje ya uwanja wetu, namtia kwenye jaketi tunapanda pikipiki ya magurudumu manne anaona trekta, anaona kondoo, ananusa kila kitu akiwa kifuani kwangu. Anakula mara nne kwa siku. Amri nampa kwa Kiswahili, njoo, kaa, acha, tulia, leta, na bosi naye ilibidi azijue, "acha" anaitamka vizuri tu.

SEPTEMBA

Mdogo wangu kanipigia video kutoka nyumbani, kaangalia weee kisha kauliza, "Kaka, huyu mbwa mbona habweki? Atalinda nini sasa?" Nikamwambia halindi kitu. Sisi tumekulia na mbwa wa boma, kazi yake ni kupiga kelele fisi asisogee, mbwa mkimya nyumbani kwetu ni mbwa mgonjwa. Huyu akibweka kwenye mashimo sungura wote wamekaa chini na asubuhi yenu imekwisha. Ila nikamkumbusha wale Hadzabe, wawindaji wa Yaeda Chini, wanavyotembea na mbwa wao, mbwa yuko mguuni kwa mwenyewe muda wote, hapo akaelewa haraka kuliko maelezo yangu yote.

Mwezi huu wote ni filimbi. Napuliza mipigo miwili mifupi kabla ya kila bakuli la chakula, basi. Siku za mwanzo anashangaa, baada ya muda hata akiwa amelala anakuja anateleza kwenye vigae vya jikoni. Kisha nikahamia uwanjani, kisha malisho matupu yenye upepo, akiwa na kamba ya mita 10 inayoburuta nyuma. Kitu ninachokishikilia sana: simwiti kumfanyia asichokipenda. Nikitaka kumfungia bandani namfuata mwenyewe, kumkata kucha namfuata mwenyewe. Njoo iwe ni habari njema siku zote, kwa sababu mbwa huyu akikua atakuwa na mwendo wa kilomita zaidi ya 50 kwa saa, hakuna binadamu wa kumkimbilia, kitakachomrudisha ni kutaka kwake tu.

Kuleta tunafanyia kwenye korido, milango imefungwa, hana pa kukimbilia na kitu isipokuwa kwangu. Soksi iliyokunjwa, baadaye soksi iliyovishwa ngozi ya sungura iliyokaushwa. Akinifikia simnyang'anyi, namkuna kifua akiwa bado kaishika, nahesabu kidogo ndo napokea. Kuvutana hakuna. Watoto wa bosi wamekatazwa kuvutana naye kitambaa, walilalamika wiki nzima ila wameelewa, mbwa anayevutana anajifunza kubana meno na mbwa anayebana meno anakuletea sungura aliyepondeka mbavu, hauziki na hapikiki.

OKTOBA MWISHONI

Kondoo sasa.

Huku kuna watu watakuambia mfungie mtoto wa mbwa zizini na kondoo dume mkali, apigwe kichwa, ataogopa kondoo maisha yake. Mimi sikubaliani nayo hata kidogo. Kwanza dume la kondoo linaweza kumvunja mbavu mtoto wa mbwa mwenye mifupa laini. Pili mbwa mwoga siyo mbwa aliyetulia, siku kondoo akimkimbia badala ya kumkabili ile hofu inaisha hapo hapo kinabaki kiu ya kukimbiza. Mimi nataka kondoo wawe kitu cha kawaida kabisa kwake, sawa na ukuta, sawa na geti.

Kwa hiyo kila asubuhi nikienda kuwakagua anakwenda na mimi, kamba fupi, mfukoni vipande vya ini nililochemsha. Nasimama mbali. Akiangalia kondoo simkemei, nangoja. Sekunde anapogeuza macho kuniangalia mimi anapata ini. Kesho yake nasogea hatua chache. Ukiona masikio yamesimama, mdomo umefungwa na mkia umekakamaa, hapo umesogea mno, rudi nyuma. Mdomo ukiwa wazi na masikio yamelala yuko sawa. Hicho cha mdomo nakiangalia kuliko kitu kingine chochote, mbwa akifunga mdomo ghafla ujue kichwani kuna jambo limeanza.

Sasa hivi madume yanakaribia kutiwa kwa majike, yanafungwa rangi kifuani ili jike aliyepandwa ajulikane mgongoni, kwa hiyo kundi lina harakati nyingi, wanakimbizana wenyewe kwa wenyewe. Ni mazoezi magumu kwa mtoto wa miezi minne. Tumekaa mbali zaidi wiki hizi na sina haraka.

DESEMBA

Meno yanang'oka, nimeokota moja kwenye mkeka. Mazoezi ya kuleta yamesimama mpaka yote ya utu uzima yaote, fizi zinamuuma na sitaki ahusishe kuleta na maumivu. Anakula mara tatu. Miguu imerefuka mpaka inachekesha, kiwiko huku goti kule. Hapandi ngazi, haruki kutoka kwenye gari, hakimbii na koli wa bosi, maana mifupa ya lacha inakua kwa kasi na ncha zake hazijafunga mpaka mwaka na zaidi, ukimkimbiza mapema unamharibu viungo na hutajua mpaka ana miaka mitatu anachechemea.

Jambo kubwa la mwezi huu ni fereti. Fereti ni mnyama mdogo mwembamba wa jamii ya kicheche, anafugwa, anatiwa kwenye shimo la sungura anawafukuza watoke. Jirani yetu ng'ambo ya mto, mzee wa miaka 80 na ushee, anafuga na kawinda nao tangu utotoni. Alikuwa mtoto wa shule maradhi ya miksomatosi yalipoingia Uingereza mwaka 1953, anasema yalipofika huku kaskazini sungura walikuwa wamekaa kando ya barabara macho yamevimba yamefunga, unawapita hawakimbii, na baada ya hapo miaka ilipita bila kumwona hata mmoja. Inakadiriwa walikufa karibu 99 kwa kila 100. Mzee hapendi sungura waishe na mimi pia, tunachotaka ni wapungue.

Alimleta fereti jike kwenye kizimba cha waya akakiweka chini, Jivu akanusa. Fereti akamng'ata pua kupitia waya, kidogo tu. Jivu akarudi nyuma akakaa. Wakaangaliana. Mzee akamtoa fereti akamshika mkononi, akamruhusu Jivu anuse mgongo tu, siyo uso, anamsemesha taratibu. Tumerudia kila tunapokwenda kwake, na sasa wanalala banda moja, waya katikati. Mbwa asiyemheshimu fereti hafai kwa kazi hii, atamuua siku atakapochomoza shimoni badala ya sungura.

FEBRUARI

Nataka niweke la sheria vizuri maana nimeulizwa sana na jamaa zangu, "huko si kuwinda na mbwa kumekatazwa?" Sheria ya uwindaji ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, imekataza kuwinda wanyama pori kwa mbwa Uingereza na Wales, ila imeacha panya na sungura wa mashimo kama mwenye ardhi ni wewe au kakuruhusu. Wale sungura wakubwa wasioishi mashimoni, wenye masikio marefu yenye ncha nyeusi, hao hapana, kuwakimbiza ni kosa, na tangu 2022 adhabu imeongezwa, ukiingia kwenye ardhi ya mtu na mbwa kwa nia hiyo ni jela hadi miezi sita na faini isiyo na kikomo. Tena huku tumepakana na Scotland, na wao kwa sheria yao ya 2023 hata sungura wa mashimo wamo, kazi tunayofanya sisi huku, ukiifanya upande wa pili wa mlima umevunja sheria. Kwa hiyo natembea na barua ya bosi mfukoni imetiwa plastiki, ina ramani ya mipaka.

Na imenifaa. Jioni moja nimeegesha kwenye geti la juu, gari la polisi wa vijijini likasimama. Mtu mweusi, giza linaingia, mbwa wa mbio, eneo ambalo watu wanakuja kukimbizisha mbwa kwa kamari, lazima waulize. Nikawapa barua, wakasoma, wakamkuna Jivu kichwa, wakaniachia namba ya kupiga nikiona magari nisiyoyajua mashambani. Ukimlea lacha jua kwamba utaulizwa, kuwa na karatasi zako na jibu kwa adabu, wanaoharibu jina la hawa mbwa wapo kweli na wakulima wameumizwa nao.

Miezi minane sasa. Anapita kwenye kondoo kamba ikiwa imelegea. Kuleta kumerudi, na sasa namtupia sungura aliyekufa aliyepoa, kwanza alimnusa akasimama tu, kisha akamshika katikati ya mgongo vizuri kabisa akaja naye kichwa juu.

APRILI

Kondoo wanazaa, sina muda wa kulala achilia mbali kuandika, ila hili niliseme. Msimu huu Jivu hatoki bila kamba hata dakika moja. Siyo tu kwa ajili ya vitoto. Malishoni kuna makondo ya nyuma yametapakaa, kuna vitoto vilivyokufa usiku kabla hatujavikuta, na mbwa akila nyama mbichi ya kondoo anabeba minyoo. Ile ya hatari inakaa kwa mbwa bila kumsumbua, mayai yanatoka na kinyesi, kondoo anakula kwenye majani, binadamu anayapata mikononi, halafu yanakuwa uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Waliokaa Turkana wanaujua, umewatesa watu kule miaka mingi. Hapa shambani mbwa wote wanameza prazikwanteli kila baada ya wiki sita, dawa ile ile watoto wa shule nyumbani wanapewa ya kichocho. Na Jivu hapewi sungura mbichi wala matumbo yake, matumbo nayafukia.

Jike mwenye kitoto siyo kondoo yule wa Oktoba. Juzi mmoja alitoka kwenye kundi akaja hatua kwa hatua, akapiga kwato chini, tap, akasimama. Jivu akatazama pembeni, akalamba midomo, akaja nyuma ya goti langu. Sikumwita. Nikampa ini lote lililobaki.

JUNI

Mwaka mmoja. Sentimita 57 begani, anakula mara mbili kwa siku, ukimshika mgongoni unahisi kila pingili lakini mapaja yamejaa, ndivyo anavyotakiwa kuwa, majirani wanaosema namnyima chakula hawajafuga mbwa wa mbio.

Amepata jeraha lake la kwanza. Seng'enge ya zamani imelala ndani ya majani marefu hata macho hayaioni, akapita mwendo wa kawaida tu ikamchana paja, ngozi imefunguka kiganja kizima wala hakulia. Ngozi ya hawa ni nyembamba sana, inachanika pale ambapo koli angepata mkwaruzo. Nikasafisha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa safi, tukashuka kwa vet. Cha kumwambia vet mapema, hata kama anajua: huyu ana damu ya grehaundi. Wana mafuta kidogo sana mwilini na baadhi ya dawa za usingizi zinachelewa kutoka kwenye damu yao, wanahitaji dawa na vipimo tofauti. Ameshonwa, kapumzika, kovu litabaki.

Bosi na mimi tumetumia jioni kadhaa kuzunguka kukusanya seng'enge mbovu zilizolala, tumejaza trela.

Kuruka tumeanza pia, ubao wa chini kwenye geti, urefu wa goti, kwa amri tu. Bila amri haruki kitu. Ukuta wa mawe una jiwe la juu linalocheza na upande wa pili hujui kuna nini.

SEPTEMBA

Hii ndo nilikuwa naisubiri.

Tangu Julai namruhusu kukimbiza sungura jioni, mmoja mmoja, mahali nilipokagua hakuna waya. Wengi wanamkwepa. Anakuja kasi, sungura anakata kona, yeye anapitiliza, anageuka na kiuno chote, sungura kashaingia shimoni. Nimemwacha ajifunze mwenyewe hakuna namna ya kumweleza mbwa kona. Sasa hivi unaona anapunguza kidogo kabla sungura hajakata, anakaa upande wa mashimo, anamkatia njia. Wa kwanza alimpata pembeni ya mto, akamleta mzima, sungura akipiga piga miguu mkononi mwangu.

Lakini siyo hilo. Wiki iliyopita alikuwa anakimbiza sungura kwenye malisho ya chini, bonde lote liko wazi, na kundi la kondoo wa mwaka lilikuwa nyuma ya mwinuko ambapo mimi siwaoni. Sungura akakata moja kwa moja kwenda kwao, kondoo wakashtuka wakalipuka kukimbia, wote kwa pamoja, mgongo mweupe umejaa kilima kizima, na Jivu yuko nyuma ya sungura nyuma ya kondoo mwendo wake wote. Hakuna kitu duniani kinachomvuta lacha kama kundi linalokimbia. Nikasema "ACHA" mara moja. Sikupuliza filimbi, sikurudia.

Alichelewa, labda hatua nne tano, nilimwona kichwa kimeinuka, akawa anaangalia kondoo huku miguu inapunguza, majani yanaruka, akasimama. Kondoo wanaendelea kukimbia mbele yake. Mdomo umefungwa. Kisha ukafunguka, ulimi nje, akageuka. Hapo ndo nikapuliza filimbi, akaja.

Nilikaa chini. Mwaka mzima wa kusimama malishoni na ini mfukoni baridi inanikata vidole ulikuwa kwa ajili ya zile hatua nne. Bosi alikuwa kwenye trekta upande wa pili kaona kila kitu, hakusema neno pale, usiku akaniletea kipande cha nyama ya kondoo chenye mfupa akasema hii ya Jivu. Nikaipika kwanza.

NOVEMBA

Magugu yamelala na barafu, mashimo yanaonekana, msimu wa fereti umeanza. Mzee wa ng'ambo kaja na fereti wawili majike, vifaa vyao vya shingoni vinavyotoa mawimbi ili tujue wako wapi chini ya ardhi, na nyavu. Nyavu za mfuko, moja kwa kila mdomo wa shimo, kamba yake imefungwa kwenye kigingi cha mti, sungura akiingia unajifunga. Kazi yote kimya, hata kugongea kigingi unasukuma kwa kisigino. Sungura akisikia watu hatoki, atapambana na fereti huko huko chini.

Kabla ya kutandika wavu wowote Jivu ndo anaanza. Anapita kwenye mashimo, pua chini, lile anapita, lile anapita, linalofuata lina buibui mlangoni hata mimi naona hakuna mtu. Kisha akafika chini ya mzizi wa mti mmoja akapunguza mwendo. Akaingiza pua mpaka machoni. Akatoa, akasimama, kichwa kimelala upande mmoja, sikio moja limeinuka, mguu wa mbele umekunjwa hewani, nywele za mgongoni kutetemeka kidogo. Hakuchimba. Mzee akaniangalia akatikisa kichwa chini, tukaanza kutandika. Shamba lile lina vikundi vingi vya mashimo na bila mbwa ungetandika nyavu asubuhi nzima kwenye nyumba tupu, baridi hiyo ya vidole kuganda.

Fereti kaingia. Ukilala sikio chini unasikia vishindo, dum dum, sungura anapiga mguu kuwaonya wenzake. Kimya. Kisha wavu umejaa ghafla, sungura yuko ndani anabiringika, mzee kashamshika, shingo, kwisha, sekunde mbili. Wa pili alitokea shimo ambalo hatukuliona, limefunikwa na majani makavu, halina wavu, kawahi mteremko. Jivu alikuwa amekaa pale nilipomwambia atulie, juu kidogo, nikamwambia "haya". Sungura hakufika hata nusu ya mteremko.

Fereti mmoja alichomoza uso Jivu akiwa hapo hapo mlangoni. Wakanusana. Jivu akageuza kichwa akaangalia shimo la pembeni. Mzee akasema huyu mbwa tayari, na mzee hasemi ovyo.

Rafiki yangu wa Tanga anayeishi Newcastle aliuliza kama anaweza kula. Yeye Mwislamu, akanisomea Surat al-Maida aya ya 4 inayoongelea wanyama wa kuwinda waliofundishwa, akasema masharti yake yapo na atamuuliza shehe wake, ila kwa sasa anapenda achinje mwenyewe. Basi tukakubaliana, wa wavuni si wako hai, akija Jumamosi anachinja wake kwa mkono wake. Nyumbani kwake walimpika na nazi na ndimu wakaniletea bakuli. Sungura wa pori hana mafuta, bila kumchemsha taratibu muda mrefu anakuwa mgumu, na nazi inamkubali sana.

JANUARI

Tumezunguka mashimo yote ya chini. Ukuta wa upande wa mto bosi kaanza kuujenga upya maana hakuna anayeuchimba tena kwa sasa, na shayiri ya pembeni tutaiona mwezi wa tano kama imeota.

Tunaendelea mpaka katikati ya Februari halafu basi. Sungura wanaanza kuzaa, mimba yao ni siku 30 hivi, na fereti akikuta vitoto chini anakula analala huko huko, utachimba mpaka usiku. Zaidi ya hapo sipendi kuvuna wakati wa kuzaa.

Yaliyobaki kwa Jivu: kuwinda sungura usiku kwa tochi, hilo ni la baridi ijayo, linataka usiku wa giza wenye upepo na mbwa anayerudi kwangu bila kuniona, filimbi tu. Kucha ya mguu wa kulia mbele imepasuka, anapumzika wiki mbili. Kuruka ukuta mzima bado sijamruhusu. Na msimu wa kuzaa unakuja tena, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi anarudi kwenye kamba, ini linachemshwa, tunasimama mbali na kondoo upya, maana koli wa bosi ana miaka tisa na bado kila masika anakumbushwa. Mdogo wangu anataka kujaribu kwa mtoto mmoja wa mbwa wa boma na mbuzi wetu, nimemtumia maelekezo ya umbali na ya kuangalia mdomo, akianza nitaweka hapa anavyokwenda.